Ng'ombe wa jirani wametoka zizini: mwongozo kwa ambaye hajawahi kuchunga

Hapa Kongwa, katika vijiji vya kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, yowe likipigwa usiku watu hutoka kwanza, maswali yanafuata njiani. Huwa ni moto, mwizi, au ng'ombe wametoka. Haijalishi kwamba umezaliwa Dar es Salaam na hujawahi kushika fimbo ya kuchungia. Jirani akiita, unaitika. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu wa aina yangu nilivyokuwa nilipohamishiwa hapa kufundisha mwaka 2018: walimu, wauguzi, mafundi, watumishi wageni, wenye moyo wa kusaidia lakini hawajui hata wasimame wapi.

Naanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Ilikuwa Februari, mvua imekolea, alizeti zimefika kifuani. Fisi walizunguka zizi la jirani, ng'ombe wakakurupuka na kupasua upande mmoja ambao miiba yake ilikwisha kuoza kwa mvua. Nikatoka na tochi, nikamkuta jike mmoja mweusi amesimama njiani, ametulia kabisa, anacheua. Nikamkimbilia kwa nyuma, mikono juu, napiga kelele, nikiamini namrudisha nyumbani. Akaruka na kuingia katika alizeti za mama mmoja mjane wa nyumba ya pili, na wenzake 11 waliokuwa gizani, ambao sikuwa nimewaona, wakamfuata wote.

Asubuhi nilikwenda kulitazama lile shamba. Mama yule hakunisema hata neno. Alikuwa ameinama anaokota vichwa vya alizeti vilivyovunjika, bado vibichi, mbegu ndani nyeupe na laini, anavirundika pembeni ili angalau mbuzi wale. Nilisaidia kuokota, na kila kichwa nilichookota niliona ni mafuta ya mwaka mzima ya watu wengine.

Usiku ule, katikati ya vurugu, mzee mwenye ng'ombe alininyooshea kiganja na kusema, "Simama, mwalimu. Wewe simama tu." Nilidhani ananifukuza. Kumbe alikuwa ananipa kazi. Wanaojua kuswaga wapo na wataswaga. Wanachopungukiwa ni ukuta, na asiyejua anaweza kuwa ukuta mzuri sana akijua namna ya kusimama.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka nyumbani

Vaa viatu vya kufunika miguu au katambuga za tairi zenye soli nene, na suruali ndefu. Migunga ya huku haina huruma na yeboyebo. Kama umejifunga khanga, ifunge ikaze au iache ndani, kwa sababu nguo inayopeperuka ni kitu cha kwanza kumkurupusha ng'ombe aliyekwisha kuogopa.

Chukua tochi, simu yenye chaji, na fimbo ndefu nyepesi. Fimbo si ya kuchapia. Ukiishika imelala, mkono umenyooka, inakuongezea upana, na ng'ombe akikutazama anaona kizuizi kikubwa kuliko mtu mmoja. Ukiwa na pumba ndani, tia kwenye ndoo kidogo uje nayo. Ng'ombe wa maziwa aliyezoea kulishwa nyumbani huujua mlio wa ndoo na anaweza kukufuata mpaka bandani bila mtu kumgusa. Zebu, yaani ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, anayechungwa porini hajali sana ndoo, ila wengi wanaijua chumvi.

Mfunge mbwa wako. Mbwa ambaye hajakulia machungani anaweza kuharibu kwa dakika moja kazi ya saa zima. Watoto wadogo wabaki ndani, hata kama watoto wa jirani wa umri uleule wako nje na kundi. Wale wamekulia humo.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye mali, uliza manne

Usianze kufanya chochote kabla hujamwona mwenye ng'ombe au mtu anayeongoza. Salamu yenyewe usiku wa namna hii ni fupi, "Mbukwenyi" basi, halafu uliza: Wametoka wangapi? Yupo mkali au mwenye ndama mchanga? Wanarudishwa kwa njia ipi? Mimi nisimame wapi?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Ukishajibiwa, nenda ulipotumwa, usibuni pengine. Kama mwenyewe hayupo, kwa mfano amekwenda mnadani Kibaigwa na nyumbani yuko mama na watoto, basi chagueni mtu mmoja wa kutoa amri, na mara nyingi anayefaa ni yule kijana wa miaka 14 anayewachunga kila siku. Ng'ombe wanaijua sauti yake na mluzi wake. Nimeona watu wazima wakibishana na kijana kama huyo wakati ng'ombe wanazidi kwenda mbali. Mheshimu, mfuate.

Hatua ya 3: Ziba pengo

Pengo ni mahali popote ambapo hamtaki ng'ombe apite: mdomo wa njia ya shambani, uwazi kati ya nyumba mbili, kivuko cha korongo, kichochoro cha kutokea barabara ya lami. Ukiambiwa "kaa pale," umepewa pengo.

Simama katikati yake, uso kuelekea wanakotokea ng'ombe. Usijifiche nyuma ya mti ukajitokeza ghafla. Wakuone tangu mbali kwamba njia hii ina mtu. Mikono iache chini wanapokuwa mbali. Wakikaribia, inyooshe polepole, fimbo ikiwa imelala, na usogee hatua moja upande ule wanaoutazama. Sema nao kwa sauti ya chini, "hoo, hoo." Maneno yenyewe si kitu, alimradi sauti ina utulivu na inaonyesha ulipo. Kelele na mikono ya kupunga zinamwambia ng'ombe kwamba kuna hatari, na yeye dawa yake ya hatari ni kukimbia, tena atakimbilia popote.

Wakigeuka, usiwafuate. Hapa ndipo wageni wengi tunapoharibu. Unaona wamegeuka, unafurahi, unawakimbilia nyuma, na pengo uliloachiwa linabaki wazi kwa wale wengine wanaokuja. Baki pale pale mpaka uitwe kwa jina.

Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwaka mmoja niliwekwa kwenye kivuko cha korongo peke yangu, mbalamwezi hafifu, karibu dakika 40. Nilisikia watu wakiitana mbali, kengele ya shingoni ikilia upande huu kisha upande ule, na kila mara nilitaka kwenda kuona. Halafu mtamba mmoja akatokea kwenye kichaka, taratibu, akasimama kama hatua tano kutoka nilipo. Nilisikia anavyovuta hewa puani kuninusa. Masikio yote mawili yalikuwa yameelekezwa kwangu, mguu mmoja wa mbele umeinuka nusu. Sikufanya chochote zaidi ya kunyoosha mkono wenye fimbo. Akashusha mguu, akatazama pembeni, akageuka alikotoka. Nyuma yangu kulikuwa na eka mbili za mtama wa familia yenye watoto saba.

Na ikiwa ng'ombe anakuja kwa mbio kweli, kichwa chini, hapunguzi: mpishe. Ukuta wa mtu una ruhusa ya kuruka pembeni. Hakuna jirani anayetaka umrudishie ng'ombe kwa mbavu zako.

Hatua ya 4: Jua ng'ombe anakuonaje

Ukielewa sehemu hii, hata siku ukilazimika kuswaga mwenyewe hutapotea kabisa.

Macho ya ng'ombe yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na sehemu ndogo mbele ya pua. Kwa hiyo mtu anayemjia kwa nyuma kabisa hamwoni. Anasikia tu kitu kinamkimbilia kutoka mahali asipopaona. Mimi nilimfanyia hivyo yule jike mweusi. Mwendee kutoka ubavuni kidogo, aone jicho lako nawe uone lake.

Kisha jua kwamba kila ng'ombe ana duara lake. Ukiwa nje ya duara anakutazama tu, ukiingia anasogea. Zebu wanaochungwa na watoto kila siku wana duara dogo, wengine unaweza kuwagusa mgongoni. Ng'ombe wa ranchi, kama wale Boran wa Ranchi ya Taifa hapa Kongwa, duara lao ni kubwa kwa sababu hawazoei watu kuwa karibu siku nzima. Mwenyewe utalipata duara kwa kusogea polepole na kuangalia: anapoinua kichwa na kuhamisha uzito, umefika ukingoni. Fanyia kazi ukingoni hapo hapo. Ukiingia ndani kwa kishindo, atatoka mbio.

Alama ya pili ni bega. Ukisogea nyuma ya bega lake, anakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, anasimama au anageuka. Hebu jaribu mchana na ng'ombe mpole wa jirani, kwa ruhusa yake, utashangaa jinsi hatua mbili tu za miguu yako zinavyoweza kumwendesha mnyama wa kilo 250.

Akishaanza kwenda unakotaka, punguza. Rudi nyuma hatua moja, mwache atembee. Anayeendelea kumsukuma ng'ombe ambaye tayari anatii anamfundisha kwamba kutii hakumpi nafuu.

Kundi zima huswagwa kwa kwenda huku na huku nyuma yake, kushoto kisha kulia, kama mtu anayefagia uwanja. Anayenyooka nyuma ya mmoja humfanya huyo mmoja akimbie na kuwaacha wenzake. Wakiwa wametawanyika, kazi ya kwanza ni kuwakusanya wawe kundi. Kuwapeleka kunafuata. Ng'ombe aliyebaki peke yake usihangaike naye. Ng'ombe mmoja akitengwa na wenzake huwa na hofu inayoweza kumfanya aruke ua au amkanyage mtu. Ni rahisi zaidi kumpelekea wenzake wawili watatu wapole wasimame karibu naye, halafu warudi wote.

Na wakishakurupuka vibaya, wanatweta, mikia juu, macho yametoka, acheni. Kaeni mbali, zibeni mapengo, msubiri. Ng'ombe aliyeshtuka huchukua nusu saa hivi kutulia, na kila mkimkimbiza nusu saa inaanza upya. Wazee wa hapa katika muda huo hukaa chini kabisa na kuvuta tumbaku. Nilikuwa nikiona ni uzembe. Sasa nakaa nao.

Dalili za kumwogopa mnyama ni hizi: anashusha kichwa na kukutazama kwa chini, anakwangua ardhi kwa kwato, anapuliza puani, au, hasa fahali, anajigeuza ubavu na kukunja mgongo ili uone alivyo mkubwa. Usimpe mgongo ukakimbia. Rudi nyuma kwa mshazari, polepole, macho kwake, kuelekea mti au ukuta. Jike mwenye ndama usipite kamwe kati yake na mwanawe, hata kama ni jike lile lile unalolishika kichwa kila siku. Na ujue mateke: punda hupiga nyuma, lakini ng'ombe hupeleka mguu mbele na pembeni, kwa hiyo kusimama ubavuni karibu na mguu wa nyuma si salama kama unavyodhani.

Hatua ya 5: Kama si ng'ombe

Mbuzi hutawanyika, hupanda, hupenya. Usijaribu kuwazungushia ukuta wa watu. Tafuta kiongozi wao, mara nyingi jike mzee au beberu, mshike au mvutie kwa majani na chumvi, atembee mbele, wengine watakuja. Kondoo ni kinyume: wanabanana. Hilo ni zuri mpaka mmoja ashtuke, kwani akiruka mmoja wataruka wote mahali pale pale hata kama kizuizi kimeondoka. Ukimshika kondoo, mkono mmoja chini ya kidevu na mwingine nyuma ya paja. Usimvute manyoya wala usimnyanyue kwa pembe.

Nguruwe usimswage kwa fimbo. Shikeni ubao au kipande cha bati mbele ya miguu yenu. Asipoona upenyo hugeuka, lakini akiona mwanga kati ya miguu yako atapita hapo hapo nawe utaanguka. Chakula kwenye ndoo ni bora kuliko vyote. Punda mfuate na kamba, usimkimbize.

Hatua ya 6: Usiku, na barabara ya lami

Tochi elekeza chini, kwenye ardhi mbele ya miguu yako. Ukimmulika ng'ombe machoni haoni tena, na asiyeona huwa mkaidi au huwa mwendawazimu. Mulika machoni kwa kupitisha tu, kuhesabu yanayong'aa, kisha ondoa. Kumbuka fisi naye macho yake hung'aa, kwa hiyo usifuate kila king'aacho kichakani ukiwa peke yako.

Barabara kuu ndiyo inayoniogopesha kuliko yote. Kibaigwa ni soko kubwa la mahindi, malori yanapita usiku kucha, yamejaa, na lori lililojaa halisimami kwa hatua kumi. Ng'ombe weusi juu ya lami nyeusi hawaonekani mpaka taa ziwafikie. Ikisikika tu kwamba kundi limeelekea lami, kabla ya mtu yeyote kwenda kuwarudisha, watu wawili waende kila upande wa barabara, mmoja Dodoma na mmoja Morogoro, wasogee mbali hatua 200 au zaidi, wasimame nje ya lami na kupunga tochi kwenda chini na juu. Usisimame njiani kulizuia lori kwa mwili. Waliobaki wawatoe ng'ombe kwa upande ule walioingilia ikiwezekana, polepole. Ukiwakimbiza watarukia upande wa pili, mbele ya taa.

Kwa asiye na uzoefu, hii kazi ya kupunga tochi ndiyo itakayokufaa zaidi. Omba wewe.

Hatua ya 7: Langoni

Ng'ombe wanajua kwao. Zamani huku Ugogoni walilala ndani ya uwanja wa tembe, nyumba imewazunguka pande zote, na mpaka leo ng'ombe wa hapa akitulizwa huelekea kulala alikozoea. Mkishafika karibu na zizi, msiwasukume tena. Watu wote hukosea hapa kwa sababu wamechoka na wanaona mwisho umefika.

Lango lifunguliwe kabisa, na mtu asisimame ndani yake wala nyuma yake mbele ya macho ya ng'ombe. Ondoeni nguo zilizoanikwa, pikipiki, ndoo inayong'aa. Ng'ombe huweza kusimama kwa sababu ya kivuli tu, au dimbwi, au kamba iliyolala chini. Akisimama na kunusa, mpe nafasi anuse. Anayeongoza akishaingia, wengine humfuata. Taa ikiwekwa ndani ya zizi ikimulika chini huwasaidia, kwa kuwa hupenda kutoka gizani kwenda kwenye mwanga usiowapiga machoni.

Wewe kaa ubavuni mwa lango, mita chache nje, uwe ukuta wa mwisho. Usisimame kati ya ng'ombe na nguzo ya lango, hata kidogo. Mbavu huvunjikia hapo.

Wakiingia, mwenye mali anawatambua. Jirani yangu hahesabu kwa vidole. Anawataja: yule wa madoa, yule wa pembe moja, mtoto wa yule, maksai mwekundu. Ninyi wengine mnyamaze mpaka amalize.

Hatua ya 8: Wamekula nini?

Watu wengi hufunga lango na kwenda kulala. Kabla hujaondoka, mwambie mwenye ng'ombe kila ulichokiona wakila, na wapi. Ni taarifa inayoweza kuokoa mnyama.

Mtama mchanga, ule ambao haujafika magotini, na machipukizi yanayotoka kwenye mashina baada ya kuvuna, hasa jua likiwa limekausha, huwa na sumu inayoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Anahema kwa nguvu, anayumba, anaanguka. Hiyo ni ya kumpigia simu bwana mifugo usiku huohuo. Waliokula majani mabichi mengi ya kunde au maharage wanaweza kuvimba tumbo: tazama ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, kama umejaa na kukaza kama ngoma. Asilale, atembezwe taratibu, asimame mbele kukiwa juu kuliko nyuma, na bwana mifugo aitwe. Aliyeingia ghalani na kula mahindi makavu au unga huonekana mzima usiku, lakini hali yake inaweza kubadilika ndani ya siku moja au mbili. Usimnyweshe dawa yoyote uliyoisikia kwa watu. Dawa ya kumimina mdomoni ikiingia mapafuni nayo inaua.

Mkimkuta mnyama amekufa na hamjui sababu, msimchune wala kugawana nyama. Kimeta kipo, na huua watu.

Jikague na wewe. Ukichomwa na mwiba mrefu au ukipigwa teke ukachubuka, osha kwa maji mengi na sabuni, kesho uende zahanati uulizie chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 9: Shamba la watu

Mwenye shamba aambiwe usiku huohuo, au alfajiri kabla hajatoka kwenda kuona mwenyewe. Aambiwe na mwenye ng'ombe, na wewe uliyekuwepo uende naye. Mambo haya si madogo. Kilosa, si mbali na hapa, Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 pale Rudewa Mbuyuni. Shamba lililokanyagwa halafu likanyamaziwa huzaa neno, na neno huzaa fimbo.

Wewe kama shahidi sema ulichokiona tu: walikuwa wangapi, walikaa muda gani, walitokea wapi. Usiongeze ili kumpendeza mkulima, usipunguze ili kumlinda mfugaji. Mkishindwa kuelewana wenyewe, ni mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, na ofisa kilimo atakuja kupima hasara ili fidia izungumzwe kwa kipimo. Kwangu mimi, kwa kuwa zile alizeti niliziingiza ng'ombe mwenyewe, nilikwenda kwa yule mama nikamwomba anipangie kazi. Nilipalilia kwake Jumamosi nne. Mwenye ng'ombe alitoa fidia yake tofauti.

Ukimkuta shambani mnyama wa mtu usiyemjua, usimpige, usimkate, wala usimfungie nyumbani kwako kimya kimya, maana kesho utaitwa mwizi. Toa taarifa kwa mwenyekiti mbele ya watu. Tazama chapa na hereni sikioni. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010 imewekwa ili mnyama ajulikane ni wa nani, na namba ya hereni ikisomwa kwa simu kwa ofisa mifugo wa kata husaidia kumpata mwenyewe.

Hatua ya 10: Asubuhi

Kuna kazi ya asubuhi ambayo haihitaji uzoefu wowote, na wenye ng'ombe wanaikumbuka kuliko ya usiku. Rudi. Nenda na panga. Zizi la miiba lililopasuka linahitaji matawi mapya ya migunga, yanakatwa, yanaburutwa kwa kamba, yanapangwa mashina ndani na miiba nje, kisha yanakandamizwa kwa miti mirefu. Vaa mikono mirefu. Uliza wazee wakuonyeshe sehemu zilizooza na uzijaze zote, si ile iliyopasuka pekee, kwa sababu fisi wa jana ameshajifunza njia.

Kama bado kuna aliyepotea, nendeni kwenye maji. Ndama aliyeachwa na mama yake mara nyingi hubaki amelala kimya karibu na pale kundi lilipokurupukia, kwa kuwa kujificha ndiko anakojua. Usiku ule wa Februari ndama wa jike mweusi alikosekana. Tulitafuta mpaka saa nne asubuhi kwenye korongo na kisimani. Alikuwa katikati ya alizeti zilizolala, amekunja miguu, masikio yamebana nyuma, hatoi hata sauti. Yule mama mjane ndiye aliyemwona wakati anaokota vichwa. Alimbeba kifuani mpaka zizini, na jike akaanza kulia kabla hawajafika langoni.